Tutembee Bila Tiketi: Aswan, Mji wa Mto na Mawe

Mwezi huu safari yetu inakwenda kaskazini, mbali sana, mpaka Aswan, mji ulio kusini mwa nchi ya Misri. Kama kawaida ya ukurasa huu, hatuhitaji tiketi wala karatasi ya ruhusa. Sisi walimu wa kujitolea hatujafika huko kwa miguu yetu. Tunatembea kwa ramani, kwa vitabu na kwa maneno ya waliofika. Lakini safari hii kuna kitu chetu kilichotutangulia, tena kinafika Aswan kila siku ya Mungu: maji.

Hebu tazameni ramani. Mto Semliki unatoka Ziwa Edward, unapita Kongo chini ya milima ya Ruwenzori, unamwaga maji yake Ziwa Albert, ziwa lile lile ambalo jamaa wengi wa kambi hii walilivuka kwa mashua mwaka 2018 walipokimbia vita ya Ituri. Maji yanatoka ziwani upande wa kaskazini, yanaitwa Nile, yanaingia Sudani Kusini kupitia Nimule. Huko yanatawanyika katika vinamasi vya Sudd, na karibu nusu yake hukaushwa na jua. Yanayobaki yanakutana Khartoum na Nile ya Buluu itokayo Ethiopia. Kwa hiyo tusijisifu sana: maji mengi yanayofika Aswan ni ya Ethiopia, ya kwetu ni kidogo. Ndugu wa Burundi na Rwanda nao wana fungu lao, maana Ruvubu na Nyabarongo zinaingia Kagera, na Kagera inaingia Ziwa Viktoria. Ndugu wa Kivu ya Kusini watatusamehe, maji yao yanashuka mto Kongo kwenda bahari ya upande wa pili.

Basi tufike. Aswan ni mji wa pole pole. Mtu akishuka kwenye treni iliyotoka Cairo usiku kucha, kitu cha kwanza anachokiona ni mto mpana, wa buluu, wenye visiwa. Katikati ya maji kuna mawe makubwa ya graniti, meusi na ya mviringo, utadhani ni tembo wanaoga. Hapo ndipo maporomoko ya kwanza ya Nile: zamani merikebu zilizopanda kutoka baharini zilikwama hapo, na ndiyo maana mpaka wa Misri ya kale ukawekwa hapo. Kisiwa kikubwa mbele ya mji kinaitwa Elephantine, maana yake ni mambo ya tembo. Wamisri wa kale nao walikiita kwa neno lao la tembo, kwani pembe za ndovu kutoka kusini ziliuzwa hapo. Ng'ambo ya magharibi mchanga wa jangwa, wa manjano, unateremka mpaka ukingoni kabisa mwa maji. Mvua karibu hakuna. Mwezi wa sita mpaka wa nane joto hupita digrii 40, kwa hiyo wageni huenda kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu.

Watu huvuka mto kwa feluka, mashua ya tanga moja kubwa jeupe, bila injini. Upepo ukikataa, mnakaa tu. Sokoni wanauza tende, karanga, hina, viungo vya kila rangi na maua makavu mekundu ya choya, ambayo wao huita karkade. Wanayachemsha, wanatia sukari, wanakunywa ya moto au ya baridi. Juu ya kilima cha magharibi kuna kaburi la Aga Khan wa Tatu, yule kiongozi wa Waismailia aliyepimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Alipenda kuja Aswan wakati wa baridi, akafariki mwaka 1957, akazikwa hapo.

Wanafunzi wa darasa la sita, hapa pana hesabu yenu. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita bwana mmoja jina lake Eratosthenes, aliyetunza maktaba ya Alexandria, alisikia kwamba Aswan, siku ndefu kuliko zote ya mwaka, saa sita mchana jua hufika mpaka chini kisimani na fimbo haina kivuli. Alexandria, siku hiyo hiyo, fimbo ilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akaona ni sehemu moja ya 50 ya mduara. Basi akachukua umbali wa kutoka Alexandria mpaka Aswan, akazidisha mara 50, akapata mzunguko wa dunia nzima. Fimbo na kivuli tu! Huku kwetu karibu na ikweta kivuli hupotea mwezi wa tatu na wa tisa. Fimbo tunazo nyingi.

Sasa mawe. Aswan ndiko Wamisri wa kale walikochimba graniti ya mahekalu yao. Mpaka leo mgeni anaonyeshwa mnara mmoja wa jiwe moja, urefu wake karibu mita 42, uzito zaidi ya tani 1,000, ambao bado umelala mwambani. Walipokuwa wakiuchonga ulipata ufa. Wakaweka chini vifaa vyao, wakaondoka. Alama za mapigo bado zinaonekana, kama vile wamekwenda kula watarudi.

Na ng'ambo ya mto, juu mlimani, kuna makaburi ya wakubwa wa Aswan. Mmoja wao ni Harkhuf, gavana aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kazi yake ilikuwa kusafiri kusini kutafuta mali, na safari moja alirudi na punda 300 wamebeba ubani, mpingo, ngozi za chui na pembe. Safari nyingine alirudi na mtu mfupi mcheza ngoma, na wengine husema alikuwa mbilikimo wa misitu ya huku kwetu. Mfalme wa wakati ule alikuwa mtoto mdogo, Pepi wa Pili. Alifurahi mno akamwandikia Harkhuf barua, na Harkhuf akaichonga barua yote ukutani kwa kaburi lake. Mfalme anaagiza: huyo mtu wawekeeni walinzi kwenye merikebu asije akaanguka majini, na usiku mkamtazame mara kumi. Barua nzuri, ya mtoto anayengoja zawadi. Ila yule mcheza ngoma mwenyewe, jina lake halimo, wala hakuna aliyeandika kama alitaka kwenda.

Mahekalu yenyewe ni mengi. Tutataja mawili. La kwanza ni Philae, hekalu la mungu wa kike Isis, juu ya kisiwa. Hapo ndipo yalipochongwa maandishi ya mwisho ya picha za Kimisri yenye tarehe, mwaka 394 baada ya Kristo. La pili ni Abu Simbel, kilomita 280 hivi kusini ya Aswan: sanamu nne za Farao Ramses wa Pili (Firauni, kama wasemavyo ndugu zetu Waislamu) amekaa kitako, kila moja na urefu wa mita 20, zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua la asubuhi huingia mlangoni likapita mpaka chumba cha ndani kabisa.

Lakini yote mawili hayako pale yalipojengwa. Mwaka 1960 Misri ilianza kujenga bwawa kubwa juu ya Aswan, kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Ukuta wake una kimo cha mita 111 na urefu wa karibu kilomita 4, ukamalizika mwaka 1970. Nyuma yake likajaa ziwa la urefu wa kilomita 500 hivi, linaloingia mpaka Sudani. Misri ilipata umeme na mashamba ya kumwagilia, na mafuriko yakakoma. Hilo hatulikatai. Ila mahekalu yangezama, kwa hiyo UNESCO ikaomba dunia isaidie, na nchi karibu 50 zikatoa mchango. Abu Simbel walikata kwa misumeno vipande zaidi ya 1,000, vingi vya tani 20 na kuzidi. Kila kipande walikipa namba, wakakipandisha juu mita 65, wakavipanga upya mpaka jua likaingia tena mlangoni. Kazi ile ilichukua kuanzia 1964 mpaka 1968. Philae ilifuata miaka ya 1970. Ilihamishiwa kisiwa jirani, ikafunguliwa tena mwaka 1980.

Tulipofundisha haya darasani mtoto mmoja aliuliza: "Mwalimu, na watu je? Nao waliandikwa namba?"

Naam. Watu walikuwepo. Ni Wanubia, na nchi yao ilikuwa kando ya mto kutoka Aswan kwenda kusini mpaka ndani ya Sudani. Hapa tusimame kidogo, kwa maana Uganda kuna Wanubi wa Bombo na Kenya kuna Wanubi wa Kibera, msije mkachanganya. Wanubi wa huku ni wajukuu wa askari wa Emin Pasha waliotoka Sudani na kuletwa Uganda miaka ya 1890, na Kinubi chao kimetoka kwa Kiarabu. Wanubia wa Aswan ni kabila la kale la mtoni, wenye lugha zao wenyewe zisizo za Kiarabu. Walikuwa na wafalme wao, walikuwa Wakristo karne nyingi, baadaye wakawa Waislamu.

Bwawa la 1960 halikuwa la kwanza kwao. Waingereza walimaliza bwawa dogo mwaka 1902, wakaliongeza kimo mpaka 1912, wakaliongeza tena mpaka 1933. Kila mara maji yalipopanda, Wanubia walipoteza mitende na mashamba, wakajenga tena juu zaidi kwenye mawe. Wanaume wengi wakaenda Cairo na Alexandria kuwa wapishi na walinda milango, kina mama wakabaki na nyumba. Na nyumba zile zilikuwa kitu cha kutazama: matofali ya udongo, paa la kuviringa lililojengwa bila mbao, kuta zimepakwa rangi, juu ya mlango wamebandika sahani za kaure na wakati mwingine mamba mkavu. Nje ya mlango palikuwa na kibaraza kirefu cha udongo cha kukalia jioni na kutazama mto.

Kisha ikaja mara ya mwisho. Kuanzia Oktoba 1963 mpaka katikati ya 1964 Wanubia wa Misri wapatao 50,000 waliondolewa wote, kijiji baada ya kijiji. Walikwenda kwanza kuaga makaburi ya wazee wao. Halafu wakapanda merikebu, na kutoka merikebuni wakapanda treni na mabasi, wakapelekwa karibu na Kom Ombo, kaskazini ya Aswan, mbali na ukingo wa mto. Wenzao wa upande wa Sudani, wa Wadi Halfa, nao kiasi hicho hicho, walipelekwa mbali zaidi, Khashm el-Girba. Wanubia wana neno moja la Kiarabu kwa mwaka ule, tahjir, na ukilisema mbele ya mzee hahitaji maelezo.

Tunajua wasomaji wetu wataelewa sehemu inayofuata upesi kuliko mtalii yeyote. Nyumba mpya zilikuwa zimepangwa mistari, zimegusana, zote sura moja, na nyingine hazijamalizika. Ziligawiwa kwa kuhesabu watu: familia ndogo mstari huu, familia kubwa mstari ule. Basi bibi aliyeishi mlango kwa mlango na binti yake akajikuta upande mwingine kabisa wa kijiji. Kuta za udongo huzuia joto, za saruji hazizuii. Miaka ya mwanzo watoto wachanga na wazee wengi walikufa.

Sasa sikilizeni walichokifanya. Kwanza, majina. Kijiji kipya cha watu wa Ballana wakakiita Ballana. Cha Toshka wakakiita Toshka. Ibrim, Aniba, Kalabsha, Abu Simbel, yote yapo huko Kom Ombo mpaka leo, wakati mahali penyewe pako chini ya maji. Mtoto aliyezaliwa miaka 30 baada ya uhamisho akiulizwa wewe wa wapi, anataja kijiji cha babu yake na ndicho hicho anachoishi. Pili, nyumba. Hawakusubiri mtu. Walivunja ukuta hapa, wakatoboa mlango pale ili jamaa wapitiane. Wakajenga vibaraza vyao mbele ya saruji, wakapaka rangi, wakachora, sahani zikarudi juu ya milango.

Tatu, lugha, na hapo kazi ilikuwa ngumu na bado ni ngumu. Shule ni ya Kiarabu. Watoto waliokulia Cairo wengi wanasikia Kinubia kidogo tu, wengine hawasikii kabisa. Walichekwa pia, kama vile watoto wetu wanavyochekwa wakikosea lugha ya hapa. Lakini kuna habari moja tunaipenda. Kabla ya vita ya 1973 kati ya Misri na Israeli, jeshi la Misri lilitafuta namna ya kuongea kwenye redio bila adui kuelewa. Askari mmoja Mnubia, Ahmed Idris, akatoa wazo: tumieni Kinubia. Wakaweka askari Wanubia kwenye redio pande zote mbili za mawasiliano, wakaongea lugha ya nyumbani kwao, na siri ikabaki siri. Siku hizi kuna walimu wa Kinubia wanaofundisha watoto herufi za kale, zile walizotumia mababu zao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Nne ni muziki. Hamza El Din alizaliwa Toshka mwaka 1929, akasoma uhandisi Cairo, kisha akazunguka vijijini kuwaambia watu maji yanakuja. Aliondoka akaenda kupiga udi Ulaya, Marekani na Japani, akafariki mwaka 2006. Kazi yake iliyojulikana zaidi inafuata mlio wa gurudumu la kuchotea maji, lile lililokuwa likizungushwa na ng'ombe kando ya mto. Magurudumu yale yamezama na vijiji vyao. Mlio tunao.

Ukienda Aswan leo, mwenye mashua atakupeleka Gharb Soheil, kijiji cha Wanubia chenye nyumba za buluu na za njano, ngamia, chai, na mamba mdogo kwenye beseni ili upige naye picha. Ni kuzuri na watu wanapata riziki. Lakini sisi tunaona mamba wa kwenye beseni siye utamaduni wa Wanubia. Heri kuanza na Jumba la Makumbusho la Nubia, lililofunguliwa mjini mwaka 1997. Mle mna historia yote toka mwanzo, na picha za vijiji kabla havijazama. Halafu kisiwani Elephantine, nyuma ya magofu ya hekalu, kuna vijiji viwili vya Wanubia ambako watu wanaishi tu, wanaanika nguo na kuita watoto. Kom Ombo watalii husimama kutazama hekalu la kale la mungu mamba na kurudi merikebuni. Kwenye Toshka mpya na Ballana mpya ni wachache wanaofika.

Na jambo lenyewe halijaisha. Katiba ya Misri ya mwaka 2014, kifungu cha 236, iliahidi kuwarudisha Wanubia kwenye maeneo yao ya asili ndani ya miaka kumi. Mwaka ule ule amri ya rais ikaweka sehemu kubwa ya ardhi ile ya mpakani chini ya jeshi. Septemba 2017 Wanubia walitembea Aswan wakipiga madufu na kuimba kudai kifungu chao, na watu 24 wakakamatwa. Miaka kumi iliisha Januari 2024. Hawajarudi. Na vita ya Sudani ilipoanza Aprili 2023, njia ile ile ya Wadi Halfa kwenda Aswan ilijaa Wasudani waliokimbia, wengine wakilala siku nyingi mpakani wakingoja viza. Majirani zetu Wasudani walioingia Uganda wanaweza kuwasimulia vizuri kuliko sisi. Waulizeni, wengine wana ndugu zao Aswan sasa hivi.

Tunamaliza na kazi ya watoto. Darasa la nne na la tano wanatengeneza ramani kubwa ya ukutani, na tunataka iwe na majina ya vijiji vyetu, hata vile visivyo kwenye ramani ya serikali yoyote. Baba, mama, bibi, babu, tuandikieni kwenye kikaratasi jina la kijiji, jina la kilima au kijito kilicho jirani, na kama mnakumbuka, maana ya jina hilo. Mtoto achore mlango wa nyumba ya kule, siyo wa hapa. Asiyeujua aulize nyumbani. Karatasi ziko kwa walimu wa zamu kila siku saa nane mchana. Kalamu za rangi ni chache, kwa hiyo mwenye nyekundu amwazime mwenye buluu, na tafadhali zirudi kabla ya Ijumaa.